Hukuwa na Homa Siku Ile

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili alasiri

Mwanangu Seifu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kambarage kunyoa, na kwa jinsi kinyozi wako anavyopenda ubishi wa mpira, nina saa mbili nzima kabla hujarudi. Nimekaa jikoni, begi lako liko mbele yangu, na barua hii nitaichomeka chini ya lile shati la bluu. Juu ya bahasha nimeandika "Ifunguliwe Kagongwa". Najua hujawahi kuheshimu bahasha yoyote tangu ulipojua kusoma, lakini hii nakuomba uiheshimu. Basi huwa linasimama pale kwa muda, utapata nafasi ya kusoma. Kwa nini Kagongwa, utaona mbele.

Sitakuandikia habari za neti, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kukaa na majirani. Hayo nimekuimbia wiki nzima, hadi jana ukawa unanimalizia sentensi kwa sauti yangu mwenyewe, nami nikacheka japo nilikusudia kununa.

Kwanza nikuambie kwamba nimepumua. Miaka minne umekaa na cheti chako cha uuguzi kwenye bahasha ya kaki. Umejitolea zahanati bila senti, jioni ukaendesha bodaboda ya mjomba, na kila orodha ya ajira ilipotoka nilikuona umekaa pale kwenye ngazi, kidole kinateremka kwenye kioo cha simu taratibu, halafu unaiweka simu mfukoni na kuniuliza kama kuna chai. Sikuwahi kukuambia, lakini chai zile zilikuwa zinaniuma kuliko chochote. Kwa hiyo jina lako lilipotoka, na ukapiga ukelele hadi mama wa nyumba ya pili akaja mbio akidhani kuna nyoka, nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote.

Halafu ukasoma kituo ulichopangiwa. Zahanati ya Nyalwiga, Geita.

Uliniona nikiingia jikoni nikifuta macho kwa kanga, ukadhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha. Ukanifuata ukanikumbatia, ukasema maneno ambayo yamenikosesha raha tangu siku ile. Ulisema, "Mama, ni kulekule. Yule mama alipakiwa kwenye gari bila nesi kwa sababu yangu. Sasa Mungu ananirudisha nikalipe."

Sikujua kwamba umelibeba jambo hilo namna hiyo. Nilijua unaikumbuka hadithi, maana nimekusimulia mwenyewe. Sikujua kwamba ndiyo iliyokufanya uchague uuguzi wakati wenzako walikuwa wanakimbilia uhasibu. Kwa hiyo naiandika hapa, kwa mkono wangu, jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka ishirini na miwili.

Seifu, hukuwa na homa siku ile. Ulikuwa mzima wa afya, una miaka minne, uko kwenye lile boma lisilo na paa unafukuza mbuzi. Niliyekuwa na shida ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka nitajipendelea.

Unajua nilikozaliwa, unajua duka la babu yako pale Kambarage, na unajua bibi yako alivyokuwa. Mizizi yake Pangani hakuwahi kuiona, lakini aliizungumzia kama vile ameondoka huko jana. Nyumbani kwetu Kisukuma kilikuwa lugha ya wateja. Babu yako alijua cha kutosha kuuza sukari na mafuta ya taa, basi. Mimi nikijaribu neno mezani, bibi yako alikuwa ananitazama hadi nalimeza pamoja na wali. Nimekulia katikati ya Wasukuma na nimefika utu uzima sijui hata kuitikia salamu ipasavyo. Wakati ule niliona fahari. Leo naona haya, lakini nakuandikia ili ujue nesi wa namna gani alipelekwa Nyalwiga.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Pembeni ndipo lilipokuwa boma la wodi ya wazazi. Wanakijiji walikuwa wamefyatua tofali na kuchoma, wakabeba mchanga kichwani, wakapandisha kuta hadi kwenye linta. Walikuwa wameambiwa kwamba wakifikisha hapo, serikali itaezeka. Wao walifikisha. Halmashauri ilikuwa na maboma mengi ya kuezeka na bati chache, kila mwaka foleni ikasogea kidogo, na mbuzi wakahamia. Nilizalisha wanawake kwenye chumba kilekile nilichochomea sindano, pazia la kanga katikati.

Upande wa pili wa kilima kulikuwa na maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji, na watu wa kila kabila wamechangamana huko, kila mmoja na lugha yake na dini yake. Siku za kliniki foleni ilikuwa inazunguka jengo. Nilikuwa mmoja, na mhudumu mmoja, Mama Limi, mwanamke wa palepale, mtu mzima, hana cheti chochote. Nilimtuma maji na kuosha vifaa. Sikuwahi kumuuliza kitu.

Nami nilikuwa mkali. Wewe umenijua nimeshapoa. Wakati ule nilikuwa nesi wa kufoka, mwenye kalamu mbili kifuani, na wanawake walikuwa wananiita nesi wa mjini. Nilidhani wananisifia.

Siku moja akaja mwanamke mjamzito, mimba ya pili, kijana kama ulivyo wewe sasa. Akapiga goti kidogo kunisalimu. Nikachukua kadi mpya nikamuuliza, "Jina lako?"

"Mama Kashinje."

"Sikuulizi jina la mtoto. Nataka jina lako wewe, la kwenye kadi."

Akasita. Akasema, "Kashinje ndiye wa kwanza, nesi. Mimi Mama Kashinje."

Nikagonga kalamu mezani. "Mama, watu wanasubiri. Jina lako."

"Mbuke," akasema, chini chini. Nikaandika Mbuke, na la mumewe, Masanja.

Nikaendelea. "Huyo mtoto wa kwanza ulimzaa vizuri?"

Akajibu, "Mhola."

Wewe unacheka sasa, kwa sababu umekua Ngokolo ukicheza na watoto wa Kisukuma na unajua mhola ni nini. Mimi nilijua kwamba maana yake ni salama, na hapo elimu yangu iliishia. Sikujua kwamba mhola ni salamu. Mtu hata kama amefiwa, ukimuuliza habari atakujibu mhola kwanza, maana ndiyo adabu, kisha atanyamaza kidogo, na ukinyamaza naye ndipo atakuambia kilichomleta. Mimi sikunyamaza. Niliandika "kawaida" kwenye kadi, nikamlaza, nikampapasa tumbo kwa mikono ya mtu mwenye haraka, nikaita mwingine.

Alirudi mara mbili nyingine. Nilimuita Mbuke kwa sauti, naye alikuwa anachelewa kuitika, nikawa namfokea kwamba hasikii. Nani angeitika jina ambalo hakuna anayemuita?

Siku aliyokuja na uchungu ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Ulikuwa umekunywa uji wako wote na umekwenda kucheza. Nilimpima nikakuta mambo yanakwenda polepole. Saa tano nikapima tena, na kitu nilichokigusa hakikuwa kichwa. Ulikuwa unyayo.

Nilimtazama Mama Limi, na nafikiri uso wangu ulimwambia. Akasema, "Kama wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

"Kashinje." Akanishangaa. "Nesi, kwani hukusikia jina? Mtoto anayetanguliza miguu ndiye anaitwa Kashinje. Huyu alikaa siku mbili na yule, nusura afe."

Mwanamke alikuwa ameniambia siku ya kwanza, neno la kwanza kabisa, mara mbili, nami nikamgongea kalamu. Kila mtu kwenye ile foleni alijua historia ya uzazi wake kwa kusikia tu anavyoitwa, isipokuwa mimi niliyeshika kadi. Kama ningemsikia, angekuwa ameshapelekwa hospitali ya wilaya wiki mbili kabla.

Nikakimbilia redio ya upepo kuita gari la wagonjwa kutoka kituo cha afya. Lilifika saa saba, na dereva, kijana mmoja aitwaye Mabula, akashuka akiwa ameshika kofia mkononi. Akaniambia, "Nesi, mafuta ya kuja yalikuwepo. Ya kurudi hayapo."

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba fungu la mafuta la kituo lilikuwa halijafika, kwamba waligida kidogo kilichobaki kwenye jenereta, na kwamba yeye alifikiri, bora nifike, huko mbele Mungu atajua. Nilitaka kumzaba kofi. Leo nikimkumbuka namuombea dua, maana mwingine angekaa kituoni na kusema gari halina mafuta, na angekuwa hana kosa.

Masanja, mume wa yule mwanamke, alikuwa anasikia. Aliondoka mbio kuelekea kwenye maduara. Baada ya nusu saa nikawaona wanateremka kilima, wanaume kama wanane, wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wamebeba madumu mawili ya dizeli. Walikuwa wameitoa kwenye pampu ya kuvutia maji ya duara lao. Wewe hujui machimbo, kwa hiyo nikueleze: pampu ikisimama, duara linajaa maji, na likijaa, jasho lote la miezi liko chini ya maji. Walijua hivyo. Waliimimina dizeli kwenye gari, na mmoja wao akaniambia, "Nesi, twende."

Hapo ndipo kwenye barua hii ambapo ningependa kalamu iishe wino.

Mwanamke alikuwa ameshalazwa kwenye gari. Mabula akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Panda, nesi." Ilikuwa wajibu wangu kupanda. Hakuna mwingine aliyejua kufanya lolote njiani. Nikatazama ile njia ya mawe, mwendo wa saa tatu au zaidi, nikajiona niko ndani ya gari lile na yule mwanamke ananifia mikononi kwa kosa langu mwenyewe, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwanangu ana homa kali. Siwezi kumwacha."

Mama Limi aligeuza kichwa akatazama kwenye boma. Ulikuwa unasikika kabisa, unawafokea mbuzi kwa sauti yangu ya kliniki. Akanitazama mimi. Alikwenda akachukua kitenge chake kwenye kamba, akajifunga kiunoni, akapanda nyuma, na mlango ukafungwa.

Nilibaki nimesimama na wale wachimbaji. Wakanipa pole ya mtoto.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilikubeba, tukaondoka kabla gari halijarudi. Niliacha ujumbe kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba nampeleka mtoto hospitali. Na hapo ulipo sasa, Kagongwa, ndipo tuliposhuka, kwa sababu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua mchele pale msimu ule. Alitukuta tumekaa nje ya mashine ya kukoboa, wewe unakula ndizi ya pili. Akauliza kulikoni. Nikasema, "Seifu ana homa."

Akaweka mkono kwenye paji lako la uso. "Mbona hana joto?"

Nikasema, "Imeshuka njiani."

Ningeweza kumwambia. Alikuwa mtu mpole, angenisikiliza, pengine angenirudisha mwenyewe hadi hospitalini nikajue mwisho wa yule mwanamke. Nilikuwa na nafasi hiyo mchana kutwa. Badala yake uongo wangu ukapata shahidi wa pili, maana tangu siku ile baba yako alimsimulia kila mtu jinsi homa ilivyokupanda na kushuka. Ukakatazwa mvua. Ukavalishwa sweta kwenye jua la Shinyanga, nawe ukavumilia. Homa yako iliandikwa hata kwenye barua yangu ya kuomba uhamisho, na uhamisho ukatoka. Baba yako alikufa akiamini kwamba una mwili dhaifu. Na wewe ulipoanza kuuliza kwa nini tuliondoka Nyalwiga, nikakupa hadithi ileile, nikaipamba kidogo, nikajifanya mama aliyechagua mtoto wake. Ilikuwa inanipa sifa. Sikufikiri kwamba mtoto wa miaka saba anayesikia hivyo anaweza kujihesabia kifo cha yule mwanamke.

Maana mimi niliamini amekufa. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza, na kila mwaka uliopita ulifanya kuuliza kuwe kugumu zaidi. Nilichofanya ni kujifunza Kisukuma, kwa wanawake wa wodini, wakinicheka kila siku. Na nikaanza kuuliza majina. Wewe mwenyewe umewasikia wenzangu wakiniita Mama Majina, ukadhani ni utani wa wazee. Hakuna mwanamke aliyepita mikononi mwangu bila kunitajia wanawe wote na kwa nini wanaitwa hivyo. Kulwa na Doto nikajua alizaa mapacha. Shija nikajua kaja nyuma ya mapacha, hata kama wenyewe hawapo tena wa kutajwa. Nzala nikajua mimba ilibebwa mwaka wa njaa. Nimezuia mabaya kadhaa kwa njia hiyo. Hayafuti lile, lakini yapo.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita nilikuaga kwamba nakwenda Kahama kumuona shangazi yako anaumwa miguu. Shangazi yako ni mzima, anacheza ngoma. Nilikwenda Nyalwiga. Nilijiambia kwamba kama kuna mtu atakuambia habari ile, awe mimi, na kwamba siwezi kukuambia nusu yake nisiyoijua.

Nimefika siku ya kliniki. Nimeshuka kwenye pikipiki, kitu cha kwanza nikaona bati za bluu. Boma limeezekwa, Seifu. Wodi ya wazazi ina plasta, madirisha ya vioo, vitanda, choo cha ndani chenye maji. Nimesimama pale nje na pochi yangu, nikalia kabla hata sijamuona mtu.

Nikaingia, nikakaa kwenye benchi kama mgeni yeyote. Kijana wa mapokezi akaita, "Dizeli Masanja!"

Akainuka msichana mwenye tumbo la miezi minane, mrefu, kanga mpya. Akapita mbele yangu, akanisalimu, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Nikamgeukia mwanamke aliyekaa kando yangu, mtu mzima, kilemba cha njano. Nikamuuliza kwa Kisukuma, hilo jina gani?

"Ni mwanangu huyo," akasema. "Alizaliwa kwa dizeli." Akanisimulia yote: gari lenye mafuta ya kuja bila ya kurudi, madumu mawili, duara lililojaa maji hadi mumewe na wenzake wakakaa mwezi mzima bila kuchimba. Hospitali walimpasua jioni ileile, wakamtoa mtoto akiwa wa bluu, wakampiga akalia. Na wachimbaji waliporudi kazini, siku ya kugawana mawe ya dhahabu, baada ya kutenga viroba vya mwenye duara na vya mwenye shamba na vya kwao, mmoja akasema tenga na kimoja cha wazazi. Maduara mengine yakaiga. Kila mgawo, kiroba kimoja kinakwenda kusagwa kwenye karasha kwa jina la wodi, na ndicho kilichonunua bati. Halmashauri ilipoona paa, ikaleta vitanda na wauguzi. Ukisikia mtu kwenye kikao akisema watu wa machimbo hawajali, mpeleke akatazame juu.

Nikamuuliza, "Na nesi wa siku ile?"

"Yule wa mjini? Alibaki, maskini. Mtoto wake alikuwa na homa. Mimi nimelala kwenye gari, uchungu unanikata, nikamsikia akimwambia dereva. Nikasema moyoni, naye ni mama." Akaongeza, "Siku zote najiuliza, yule mtoto alipona?"

Miaka ishirini na miwili, Seifu. Wewe unamlilia yeye, na yeye anakuombea wewe, na mimi nimekaa katikati nimefunga mdomo. Na Mama Limi, aliyekuona kwa macho yake ukifukuza mbuzi, alikufa bila kumwambia mtu.

Nikasema, "Hakuwa mgonjwa. Ni mimi nesi. Niliogopa utanifia kwenye gari."

Akageuka akanitazama. "Nesi wa mjini," akasema.

"Ndiyo. Nisamehe, Mama Kashinje."

"Mimi mwenyewe niliogopa," akasema. Kisha akashika kifundo cha mkono wangu, akashusha pumzi ndefu. "Kumbe mtoto hakuumwa. Wabeja."

Nilitegemea matusi, nikashukuriwa kwa sababu hukuumwa. Nimelia mbele ya foleni nzima ya kliniki, na wanawake wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Tulipotulia nikamuuliza kwa nini hakuniambia ile siku ya kadi kwamba wa kwanza alitanguliza miguu. Akacheka hadi kilemba kikalegea. "Nilikwambia, nesi. Ukasema hutaki jina la mtoto." Nikamwambia kwamba wewe umepangiwa hapohapo. Akauliza, "Na huyo mwanao anayekuja, anasikia Kisukuma?" Nikamwambia anasikia kuliko mimi. "Basi vizuri," akasema.

Nakuandikia haya na mwili wangu ni mwepesi hadi nashindwa kuuzoea. Kaa na hasira zako ukitaka, una haki, na ukifika unipigie unifokee, nitakusikiliza hadi mwisho. Lakini lile deni ulilosema unakwenda kulipa halikuwa lako. Nenda Nyalwiga kama kijana yeyote aliyepata kazi baada ya kuisubiri sana, mwenye shati jipya na nywele zilizochongwa.

Nasikia geti, na unaimba, maana yake timu yako imeshinda ubishi. Namalizia.

Dizeli anakaribia kujifungua. Nesi wa sasa amempima vizuri, kichwa kiko chini. Bila shaka atakuwa miongoni mwa wa kwanza kuja kwako. Usimwambie kwamba unaijua hadithi yake. Muulize jina, kisha weka kalamu chini unyamaze, aisimulie mwenyewe tangu mwanzo.

Mama yake atakuja naye. Atakuwekea mkono kwenye paji la uso, ameniambia atafanya hivyo kabla ya salamu. Muache akushike.

Mama yako,
Zuhura